Nilivyowatafsiria Watu wa Masimba "Rescinded"

Aibu hii nimeikalia kimya muda mrefu, lakini afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko muisikie kwa watu wa Masimba, ambao huisimulia vibaya zaidi (na hawakosei).

Nina duka dogo la fotokopi pale Masimba, na kwa kuwa zamani nilifundisha shule mihula miwili bila cheti, wote huniita Mwalimu. Wenzangu wengi wana vibanda vya mbao kando ya barabara, na mwezi ule walikuwa wamepewa notisi kwamba vitabomolewa Ijumaa. Hakuna aliyekuwa analala vizuri. Mama Moraa, mjane anayeuza chai na mandazi, alikuwa ameacha hata kununua unga, anangoja tingatinga tu.

Alhamisi asubuhi mwenyekiti wetu, Mzee Onchiri, akarudi kutoka Kisii mjini na barua ya Kiingereza kutoka ofisi iliyotoa notisi, akanipa mbele ya watu. "Mwalimu, tusomee."

Nikasoma. Yote niliyaelewa isipokuwa neno moja, nalo ndilo lililobeba barua nzima: ile notisi, waliandika, ilikuwa "rescinded". Simu ilikuwa mfukoni, ningeitoa nitafute maana, lakini watu wote walikuwa wananitazama mdomoni, nikaona haya, nikajiambia hiyo "re" ni ya kurudia, kama "repeat", na hiyo nyingine lazima ni "send", kutuma, waliyoiandika kwa maringo ya ofisi.

"Wameituma tena," nikasema. "Notisi iko palepale."

Mzee Onchiri akavua kofia. "Basi tung'oe wenyewe. Tingatinga likija halitatuachia hata msumari."

Muda si muda nyundo zilikuwa zinalia kila upande, watu wanateremsha mabati, na mimi nimepanda juu ya kibanda cha Mama Moraa (eti nasaidia), nguzo moja ikavunjika chini yangu, na hapo ndipo nikakumbuka barua ilimalizia kwa kututakia biashara njema, na nani anakubomolea halafu anakutakia biashara njema?

Nikaenda chooni, nikajifungia, nikaandika lile neno kwenye simu. Kufuta rasmi. Kubatilisha.

Nilifikiria kupita nyuma, nikimbilie kwa dada yangu kule Nyansiongo, nisirudi tena. Lakini kila nyundo niliyoisikia ilikuwa ubao mwingine wa mtu unaong'oka kwa sababu yangu, basi nikatoka.

"Simameni," nikapaza sauti. "Notisi imefutwa. Lile neno maana yake ni kufutwa."

Nyundo zikanyamaza moja moja. Wanaume wakaanza kunisogelea polepole, mmoja bado ameshika mtaimbo, nami nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mzee Onchiri akaja akasimama kati yangu na wao. Halafu Mama Moraa akapenya, ana vumbi hadi kwenye kope.

"Mwalimu, hilo neno ulikuwa unalijua?"

"Hapana, mama."

"Mbona hukusema?"

Akaniwekea nyundo mkononi.

Tulijenga mpaka giza likaingia, mvua ikitunyeshea, na hakuna aliyeniambia neno zaidi ya "shika hapa".

Wiki iliyofuata ikaja barua nyingine. Nilidhani watampelekea mtu mwingine, lakini Mzee Onchiri akanipa mimi. Nikatoa simu mbele ya wote, nikatafuta neno baada ya neno, hata yale niliyoyajua, hata "Dear". Watu walingoja. Sikuwa na haraka tena, na wao pia hawakuwa nayo.