Dereva Aliyelihurumia Gari

Saa mbili asubuhi, kwenye barabara moja ya mlima katika mtaa wa Gitega, Joselyne anakaribia kulia. Gari limemzimikia mara ya nne. Nyuma yake pikipiki sita za abiria zinapiga honi kwa zamu.

"Waache wapige," anasema mwalimu wake, mzee wa miaka hamsini na sita mwenye kofia ya kufuma. "Na wao walifundishwa. Achia klachi pole pole mpaka usikie gari inataka kwenda. Haya, shusha breki ya mkono."

"Itarudi nyuma, mwalimu!"

"Hairudi. Niko hapa."

Na kweli hairudi. Joselyne, karani wa ofisi moja ya mtaa wa Kacyiru, anapiga kelele za furaha kana kwamba amepewa kombe. Yeye anatafuta leseni tu. Hajui, na mwalimu hajajisumbua kumwambia, kwamba Toyota hiyo hiyo nyeupe huvuliwa kibao cha shule ya udereva kila Ijumaa ya mashindano, ikabandikwa namba milangoni, na Jumamosi ikatimuliwa vumbini na mwalimu huyu huyu mpole.

Jina lake ni Usumani Niyonzima. Kufundisha udereva ndiyo kazi yake. Mbio za magari ndizo maradhi yake. Miaka ishirini na miwili, mashindano sitini na moja, na katika hayo amefika mstari wa kumalizia mara hamsini na saba. Ushindi je? Hakuna. Hata mmoja wa kusingizia.

Mashabiki wanampenda, tena kwa namna ya kuudhi. Wamempachika jina la Mzee wa Kumaliza. Akipita wanapiga makofi, halafu wanageuza shingo kumtafuta dereva wa maana. Waulize kama ana kipaji, watakujibu kwamba ana uvumilivu.

"Iliniuma sana," anasema Usumani. "Mtu anakusifu, lakini unaona kabisa kuna kitu amekunyima."

Mmoja tu ndiye aliyekataa wimbo huo: Jean-Paul, mstaafu aliyekaa kando ya njia miaka kumi na minne akipima muda wa magari. Daftari zake alizihifadhi. Mwaka huu goti lilipomfungia nyumbani, alizifungua na kuchambua sehemu za kuteremka tu.

"Kwenye kupanda, injini ndiyo inaendesha," anaeleza. "Kwenye kuteremka, ni mtu. Sasa niambie, miteremko arobaini, na Usumani ni wa kwanza au wa pili mara ishirini na tisa. Na gari yenyewe ni ile! Huo ni uvumilivu gani?"

Goti lilipopata nafuu, Jean-Paul akazibeba daftari mpaka kwa Kamanzi, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi aliyekuwa amenunua gari jipya la mbio, lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Kamanzi alishampigia hesabu Ntare, dereva kijana wa miaka ishirini na sita anayetajwa kila kona. Hata hivyo akakubali jambo moja: gari moja, njia moja, na atakayekuwa na kasi zaidi atalichukua kwa msimu mzima.

Usumani alijua hiyo ni nafasi yake ya mwisho. Walikuwa wamekubaliana na mkewe, Leila, kwamba akikosa, anaacha mbio mwaka huu huu.

Jumapili ikafika, kwenye barabara ya udongo nje ya mji. Ntare akatumia dakika sita na sekunde arobaini na moja. Akaingia Usumani. Dakika sita na sekunde hamsini na mbili.

Sekunde kumi na moja! Katika mbio, hiyo ni aibu. Kamanzi akajifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Ntare, kijana mwenye adabu zake, akampa mzee mkono wa pole, na hilo likazidi kumchoma.

Aliyeona kosa ni Melchior, msoma ramani aliyekuwa naye garini kwa miaka kumi na saba, aliyekulia Bujumbura. Aliketi pembeni yake akiona kila kitu: gia zinabadilishwa mapema, mawe yanakwepwa, mguu unanyanyuka kabla ya kila tuta.

"Ndugu yangu, hii gari si yako," akamwambia.

"Najua si yangu."

"Wewe unajua. Mguu wako haujui. Unaendesha kama mtu iko na mwanafunzi Jumatatu saa mbili."

Usumani anasema maneno hayo yalimkaa kifuani. Somo moja humwingizia faranga elfu tano, na watoto wake wanne wamesomeshwa na Toyota ile. "Nikiivunja Jumamosi, Jumatatu nitafundishia nini? Miaka ishirini na miwili sijawahi kukanyaga mpaka chini. Wallahi, na sikujua kama sikanyagi!"

Akamwendea Kamanzi, akaomba arudie mara moja.

"Lakini nikiivunja?" akauliza.

"Gari ya mbio inavunjika, mzee," akajibu Kamanzi. "Niliinunua nikijua."

Usumani akarudi kwenye usukani. Kilichofuata, Melchior anasimulia akishika kichwa. "Nilikuwa nasoma ramani na kusali Salamu Maria, vyote pamoja! Yesu wangu, kumbe huyu mtu ndiye nimekaa naye miaka yote?"

Dakika sita na sekunde thelathini na sita.

Usumani alishuka, akalizunguka gari akikagua kama kawaida yake. Kona ya bampa ilikuwa imebaki porini. Alianza kuomba radhi, lakini Kamanzi alikuwa anacheka na funguo ziko mkononi kumkabidhi. Ntare alimkumbatia, akamuuliza alikuwa amejificha wapi.

Je, alidharauliwa? Usumani hakatai. "Walinidharau, ndiyo. Lakini niwalaumu vipi? Walikuwa hawajaniona. Mimi mwenyewe nilikuwa sijajiona."

Mashindano ya kwanza ni baada ya wiki tatu. Anataka ushindi mmoja kabla ya kutimiza miaka sitini, na safari hii hasemi hivyo kwa utani.

Leila, fundi cherehani katika soko la Kimironko, naye anajiandaa. Anakiri kwamba kila baada ya mbio humpigia mumewe simu, na swali lake la kwanza huwa moja.

"Namuuliza, gari iko nzima?" anasema, anacheka, kisha kicheko kinakatika. "Miaka yote hiyo, naulizia gari. Safari hii nitamuuliza amekuwa wa ngapi."