Sweta ya Wangare

Mwalimu Waithaka alipostaafu, alisema hatafuga kuku wala kulima viazi kama kila mtu hapa Molo. Alitaka kujitengenezea bia yake nyumbani, kwa kujifurahisha tu. Akaloweka shayiri ya Mau Narok mpaka ikachipua, akaikausha, akaisaga, akaichemsha. Maji yake yalipopoa akayatia chachu kwenye ndoo, akafunika. Siku tatu ndoo ikatulia kama maji mtungini.

"Baridi imelaza chachu yako," alisema mkewe Wangare, ambaye hajaonja pombe tangu azaliwe. "Hata unga wa mandazi hautaumuka kwa baridi hii. Mwalimu mzima hujui?"

Jumamosi, huku akinung'unika, Wangare aliisogeza ndoo karibu na jiko, akaivisha sweta yake nzito. Kesho yake asubuhi ilikuwa inatoa povu, naye akaona huruma kuivua.

Kanisani alitetemeka mpaka akina mama wakamuuliza sweta iko wapi.

"Nimemwachia mgonjwa nyumbani," alijibu bila kufikiri.

"Pole sana, Mama Cate! Basi ibada ikiisha tunakuja sote kumwombea."