Tumbo la Mbuzi

Wakusanyaji wa vinyama vya bronzi wananichosha. Unahangaika na pembe za mbuzi, masikio, ndevu, halafu mtu anafika, anamshika na kumpindua chali kama fundi anayekagua soli ya kiatu. Usoni hata hatazami. Anataka tumbo!

Mteja wetu wa miaka mingi, daktari mstaafu wa mtaa wa Muhumba, ndiye mkuu wao. Sanamu kubwa hazitaki. Husema kanyama kazuri ni kale kanakoenea kiganjani, kazito kuliko kanavyoonekana, kanakopata joto ukikashika. Nilimwona tu kama mtu asiye na kazi.

Mama yangu ndiye aliyekuwa akifinyanga vinyama hivyo kwa nta, hapa mtaani kwetu Cimpunda. Mimi nilivifunika kwa udongo, nikayeyusha nta itoke, nikamimina bronzi mahali pake, kisha nikasugua kwa tupa. Kila mara, chini ya tumbo palibaki kibonyeo chenye mistari myembamba. "Tumbo, usiiguse," mama alikuwa akisema. Kwa nini? Hakusema. Mama hajawahi kueleza jambo lolote maishani mwake. Anaamuru tu, basi.

Mwaka jana akaugua, mkono wa kuume ukapooza. Likabaki umbo moja la nta, mbuzi, kazi yake ya mwisho. Nikamimina. Asubuhi ya siku ambayo daktari angekuja, nilitaka mbuzi huyo apendeze kuliko wote, nikasugua hadi tumboni. Likang'aa.

Daktari alifika, akampindua. Akapapasa, akavaa miwani, akapapasa tena.

"Maman," akaniuliza, "kidole iko wapi?"

"Kidole gani, papa?"

"Ya mama yako. Hajue kuandika, anawekaka kidole. Ile njo sinyatire yake, sahihi yake. Miye natafutaka ile mbele ya yote."

Nilimgeukia mama, aliyekuwa ameketi kitini kando yetu, nikamfokea. Si angesema tu! Miaka yote ile, neno moja lingetosha.

"Nilikuambia tumbo usiiguse," akajibu, wala hakupepesa macho.

Daktari akaondoka mikono mitupu. Nikachukua nta, nikafinyanga mbuzi mwingine harakaharaka, nikapiga magoti mbele ya mama. Nikashika kidole gumba chake kilichopooza ili nikibonyeze tumboni mwa huyo mbuzi. Akanizuia kwa mkono wa kushoto.

"Huyu sikumutengeneza miye. Weka kidole yako."

Nikamwambia ana kichwa kigumu. Nikalia, na sikulia kwa huzuni tu, nililia kwa hasira. Alama ya mwisho ya mama nilikuwa nimeifagia mwenyewe asubuhi ile, pamoja na vumbi la tupa, nikaimwaga mferejini.

Mbuzi wake yuko dirishani, anang'aa. Yule wangu wa nta bado hana kidole cha mtu.