Mfereji wa Bibi Niliouita Ufa wa Dunia

Jamani, hili nalisimulia nimejifunika uso kwa kiganja. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Katandala, na mkuu wetu wa shule alikuwa ameshasema wazi kwamba ziara zangu ni matembezi tu, atakuja mara moja ajionee, na asiporidhika ndiyo basi, somo litabaki ubaoni.

Nami jioni ya kuamkia safari, badala ya kwenda kukagua njia hadi kule vilimani, nikabaki nyumbani kuangalia mpira (na timu yangu ikafungwa!). Kesho yake, tulipofika na wanafunzi na mkuu mwenyewe bondeni upande wa Kasense, nikaona kijito kimepiga kona kali kushoto, nikasimama papo hapo, nikatangaza: "Huu ndio ufa wa dunia! Hapa ndipo pande mbili za ardhi zilipopishana kwa ubavu, kijito kikakatwa, kikapinda kufuata!" Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia maharage akaniita, "Mwalimu, ngoja kwanza," nikamjibu (Mungu anisamehe) kwamba haya ni mambo ya kitaalamu, kisha nikamwomba mkuu atanue miguu juu ya huo ufa, mmoja huku na mwingine kule, apigwe picha, naye akatii, ukingo ukabomoka, akazama matopeni hadi magotini.

Bibi akamvuta kwa mpini wa jembe. "Mwanangu, kona hii tuliichimba mimi na marehemu mume wangu, tumwagilie bustani."

Wanafunzi walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nilitamani ardhi ipasuke kweli, inimeze.

Nikampa bibi shikamoo niliyomnyima, nikamwomba radhi. "Marahaba. Kama mnataka mito iliyopinda yenyewe, twendeni." Akatupandisha juu, na kweli: vijito vitatu, kila kimoja kikifika kwenye mstari uleule kinakata kushoto, na kigongo cha kilima nacho kimekatwa, kipande cha ng'ambo kimesogea kushoto vilevile. Hakuna jembe la kufanya kazi hiyo.

Binti mmoja wa kidato cha tatu akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, kijito kimoja hakitoshi, mpaka vyote vikubaliane?" Nilifurahi, machozi yakanilengalenga.

Mkuu, matope yamemkaukia kwenye suruali, aliutazama mstari ule, kisha akanigeukia. "Mwakani tunarudi na kidato cha pili," akasema. "Ila atakayefundisha ni bibi. Wewe utabeba maji ya kunywa."

Nimekubali, tena kwa moyo mweupe. Na nimeapa, sitaeleza tena mto wowote kabla sijamsalimia mwenye shamba.