Toroli Langu na Buibui la Bi Rukia

Jamani, kuna watu wa Biashara Street ambao mpaka leo wakiniona hujifanya wanakohoa, na wana haki yao, maana aibu niliyoipata mtaani pale miaka ile ya tisini nilijitengenezea kwa mikono yangu.

Nilikuwa fundi wa redio na mjuaji (hasa mjuaji). Hasanali, muuza kanga, alichoka kuona majora yakibebwa kutoka stoo hadi kaunta, nami nikamuundia toroli la kujiendesha: mota ya waipa, betri ya gari, na macho mawili ya umeme yaliyotazama sakafu nyeupe na kufuata utepe mweusi niliobandika toka stoo. Likawa linakwenda lenyewe na kukata kona lenyewe, nikavimba kichwa. Swichi ya kulizima nikaificha chini ya tumbo lake, wateja wasiichezee.

Wiki hiyo wazee wangu walikuwa wamepeleka posa kwa kina Zuhura, usingizi siupati kwa kungoja jibu. Basi nani anaingia dukani? Mama yake Zuhura, Bi Rukia, na buibui lake refu la kuburura, akasimama juu ya utepe kuchagua kanga. Toroli likaja polepole, likakuta weusi mpana kuliko utepe, likaupenda. Bi Rukia akasogea, nalo likasogea. Akazunguka kaunta, nalo nyuma yake na majora yake.

"Hasanali, chanifuatia nini hichi?"

"Ni mashine ya fundi, bibi. Haina nia mbaya," Hasanali akajibu, huku akinitolea mimi macho.

Nikajitupa kifudifudi, nikapenyeza mkono kutafuta swichi, toroli likakwenda, nikalifuata kwa tumbo, duka limejaa wanawake, nikapapasa, nikashika kitu, nikavuta. Lilikuwa pindo la buibui.

Bi Rukia akageuka. "Si weye mwenye posa?"

"Ni mimi. Shikamoo mama," nikasema, pindo bado ninalo mkononi.

"Marahaba. Niachie nguo yangu."

Jibu lilikuja Ijumaa: hapana. Iliniuma, sitawaficha. Zuhura akaolewa na karani wa bandarini, kanga za harusi zikanunuliwa kwa Hasanali, na aliyetumwa kuzipeleka, begani, ni mimi. Bi Rukia akazipokea mlangoni, akanitazama toka juu hadi chini.

"Ungalikuja umesimama hivi tangu mwanzo, mwanangu," akasema.

Nikaapa palepale: posa ikiwa haijajibiwa, sigusi hata balbu.