Darubini Mbili za Mdachi

Nasema mapema ili tusidanganyane: yule Mdachi simpendi, na kama amekufa sijamwombea.

Tulikaa Rumonge, mimi na kaka yangu, kwenye michikichi aliyotuachia baba. Kaka alikwea na kukata vichala vya chikichi, mimi nikazichemsha na kukamua mawese. Kwetu mkwezi akifika kileleni hupiga ukelele: "Niko juu! Mwenye kuoga ajifunike!" Maana kutoka kule nyua zote ziko wazi mbele ya macho yake. Ni adabu tu, na walio chini hujua kusogea.

Mdachi alijenga mlimani, juu kidogo ya shamba letu. Alikuwa na bunduki ya risasi ndogo, akikaa barazani na kahawa yake kuwalenga tumbili wanaokula chikichi. Juu ya bunduki hupachikwa darubini, naye alikuwa nazo mbili: fupi, inayovuta kidogo, na ndefu, inayovuta sana. Ile ndefu aliifuta kila saa utadhani bi harusi. Basi ikaja amri kwa mdomo wa askari wake: ukelele ukome, unafukuza tumbili.

Nikapanda kwake siku hiyo hiyo. Mwenye nguvu mpishe, wanasema. Mimi kumpisha mtu sikujaliwa. Nikamwambia askari atafsiri: kaka yangu akinyamaza kule juu, bwana atajuaje kama ni yeye? Mdachi akacheka. Akazitoa risasi ndani ya bunduki, akanipa nitazame kwa ile ndefu. Lahaula! Chikichi moja ilinijia kubwa kama chungu, ikitetemeka kila nilipovuta pumzi. Nikautafuta mti, sikuuona.

"Sasa mutu iko wapi humu?" nikauliza.

Askari akasema nishukuru kwamba nimeonyeshwa. Nikaomba ile fupi, nayo ikapachikwa, nadhani ili niondoke upesi. Ndani yake mti wote ulikuwemo, na wa jirani, na mwanamke aliyepita chini na mtungi wake. Chikichi zilikuwa ndogo, ndiyo, lakini mtu ungemjua kuwa ni mtu.

"Hii ndiyo inayofaa," nikasema. "Mti wenyewe uko hapa hapa. Kuvuta kote kule ni kwa nini?"

Mdachi akajibu kwamba ndefu ndiyo bora, imetoka kwao, na mwanamke wa mawese hawezi kumfundisha kulenga. Niliteremka nikimtukana hadi nyumbani.

Kaka akanyamaza, maana askari alikuwa na kiboko. Kila alipokwea nilikaa mbali kidogo na shina, nikisoma kila sura niliyoijua, roho mkononi. Asubuhi moja alinyoosha mkono kwenye kichala, nikasikia mlio mdogo kutoka kule barazani kwa Mdachi, kama ukuni unaopasuka motoni. Panga lilianguka kwanza. Kaka aliteremka kwa mkono mmoja, sijui vipi mpaka leo. Vidole viwili vya mkono wa kuume havikuwepo. Hakukwea tena.

Siku chache baadaye Mdachi aliitoa ile ndefu akaweka fupi. Usidhani ni huruma, wallahi! Askari mwenyewe alituambia: katika ile ndefu tumbili walikuwa wakimpotea kila wakiruka. Kwa fupi aliwapata vizuri sana.

Kisha akatuma pole. Askari alisimama mlangoni, mlango wa nyumba ya Waislamu, ameshika mkia wa tumbili aliyekufa.

"Bwana anasema mpike, mgonjwa apate nguvu."

Kaka alikuwa ndani, anasikia. Nikamtazama yule mnyama. Mikono yake ilikuwa inaning'inia, vidole vyote vimo. Hasira ilinipanda hadi machozi yakanitoka, na sikutaka askari ayaone, lakini aliyaona.

"Mrudishie," nikasema. "Mwambie aipachike tena ile ndefu, aitazame mikono ya huyu vizuri. Halafu aje hapa aitazame ya kaka yangu, bila darubini."

Hakuja.