Siri ya Kulisha Gimbi

Kila asubuhi Kirata alishuka kwenye shimo alilopandia magimbi, maji yakimfika vifundoni, akalikagua gimbi lake kubwa. Jani jipya la gimbi halichomozi pembeni. Hutoka ndani ya bua la jani lililotangulia, limeviringika kama mkeka. Likifunguka tu, siku hiyohiyo unalilisha gimbi: unajaza majani makavu kwenye kikapu kilichosukwa kuzunguka shina. Majani gani, na yapi yaanze, hapo ndipo kila ukoo wa kisiwa cha Nonouti unafunga mdomo. Unamwambia mwanao mmoja, sikioni, mkiwa shimoni. Basi.

Kirata alikuwa na mmoja huyo, Tebau, na Tebau alikuwa Nyuzilandi, mwaka wa tisa sasa.

"Leo umelilisha nini, mzee?" jirani yake, Bi Rotia, alimchokoza kutoka juu.

"Ndevu zangu."

"Ndiyo maana zimekwisha!"

Akapita zake. Maneno ya Kirata ya siku nzima yalikuwa hayo. Tangu mkewe afe, upweke ulimkaba, wee acha tu.

Jumamosi Tebau akapiga simu. "Baba, tumepata makaratasi. Tunakaa huku moja kwa moja."

"Na shimo?"

"Si uniambie tu hapa hapa?"

"Siri haisemwi simuni. Njoo."

"Siji, baba. Wanangu hata gimbi hawali."

Jumatatu jani likafunguka, pana, kijani kibichi. Kirata hakulilisha gimbi. Alikaa ukingoni, mikono mitupu, mpaka Rotia alipopita.

"Rotia, twende shimoni nikuambie."

Rotia alikuwa ameisaka siri hiyo miaka thelathini. Alishamchungulia, alishamnywesha tembo la mnazi, wapi! Akaangua kicheko. "Nenda zako na mzaha wako!"

"Kwanza unachukua majani ya..."

"Koma!" Rotia akaziba masikio kwa viganja. "Koma, Kirata! Hiyo ni ya mwanao!"

"Haji."

"Atakuja."

"Haji, Rotia. Kasema mwenyewe."

Rotia alisimama vilevile, mikono masikioni, machozi yakimtoka. Hakutaka tena kuisikia siri hiyo, jamani, maana kuisikia ni kukubali kwamba mzee hana mtu. Kirata akashuka peke yake, akasimama majini akingoja. Baada ya muda mrefu Rotia akapandisha kitenge chake magotini, akamfuata, akamtegea sikio.